Nasikia nina waranti mahakamani: nitajuaje, na nitaimalizaje?

SWALI: Mtaalamu, habari ya kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, Mkongomani, nilifika Houston, Texas, mwaka 2019 kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Miaka miwili iliyopita polisi alinisimamisha barabarani akaniandikia tiketi mbili, moja ya mwendo kasi na nyingine ya kukosa bima. Nikasaini. Baadaye tukahama nyumba, nikajifungua, mambo yakawa mengi, mahakamani sikwenda. Mwezi huu nimekwenda kufanya leseni upya nikaambiwa jina langu limezuiwa. Mwenzangu kazini anasema hapo ujue una waranti, polisi wakikukuta wanakufunga. Nimetafuta kwenye intaneti, tovuti moja imetaka dola 30 ndipo inionyeshe. Naogopa hata kuwapigia simu mahakama. Na mwaka huu nataka kuomba uraia. Nifanye nini?

JIBU: Dada yangu, pole sana, na umefanya vema kuuliza mapema. Nianze na lile litakalokupa usingizi leo. Inawezekana kweli una waranti, yaani amri ya hakimu ya kukukamata, na huenda ni zaidi ya moja. Lakini kwa tiketi za aina hii, sheria ya Texas tangu mwaka 2017 inamtaka hakimu aifute waranti ya kutofika mahakamani iwapo mshtakiwa atajipeleka mwenyewe, kwa nia njema ya kumaliza shauri, kabla hajakamatwa. Sheria inasema hakimu ataifuta, haisemi anaweza kuifuta akipenda. Watu wengi wa jamii yetu hawajawahi kulisikia hilo, wanaishi miaka wakikwepa barabara kuu na kukataa kazi za mbali kwa sababu ya karatasi ambayo ingemalizika kwa asubuhi moja.

Tuelewane kwanza jambo lenyewe. Kuna waranti inayotolewa kwa sababu polisi wamemshuku mtu kwa uhalifu na wamemshawishi hakimu kwa ushahidi. Kuna nyingine ambayo hakimu anaitoa mwenyewe akiwa kitini pake, kwa sababu mtu aliitwa hakuja, au aliamriwa kulipa hakulipa. Yako, kama ipo, ni ya namna hii ya pili. Ile saini uliyoweka kando ya barabara haikuwa kukiri kosa, ilikuwa ahadi ya kufika mahakamani kabla ya tarehe iliyoandikwa. Tarehe ikapita. Mahakama kwa kawaida hutuma taarifa ya kukupa nafasi nyingine kabla ya kutoa waranti, na taarifa hiyo huenda kwenye anwani uliyompa polisi siku ile. Wewe ulikwisha kuhama.

Waranti ya namna hii haifi kwa umri. Hukaa mpaka hakimu aifute au mtu akamatwe. Anayekuambia ukae kimya miaka saba itajifuta, usimsikilize.

Wala usijione mhalifu. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu mji wa Ferguson, Missouri, wenye wakazi wapatao 21,000. Iligundua kwamba hadi Desemba 2014 zaidi ya watu 16,000 walikuwa na waranti za mahakama ya mji huo, nyingi zikiwa za tiketi na faini ndogo. Hao walikuwa watu wa kawaida waliokosa siku ya mahakama, kama wewe.

Sasa leseni. Kuzuiwa leseni na kuwa na waranti ni mambo mawili tofauti, ingawa mara nyingi hutembea pamoja. Texas ina mpango ambao mahakama hupeleka majina ya watu wasiofika au wasiolipa kwa kampuni iitwayo OmniBase, na idara ya leseni, DPS, inakataa kufanya upya leseni zao mpaka mahakama iseme shauri limekwisha. Kizuizi chako ni dalili nzuri kwa maana moja: kina jina la mahakama iliyokiweka. OmniBase wana tovuti na simu, unaingiza namba ya leseni na tarehe ya kuzaliwa, wanakuonyesha ni mahakama ipi na shauri lipi. Hulipi kitu kutazama. Hapo ndipo pa kuanzia kwako, kuliko kuchakura jina lako kwenye tovuti ishirini.

Ile tovuti ya dola 30 iache. Hakuna kampuni binafsi yenye orodha ya kweli ya waranti za leo. Wanachukua rekodi za zamani kutoka huku na kule, wanazichanganya, wanakuuzia. Ile kanzidata ya taifa wanayotumia polisi, NCIC ya FBI, haifunguliwi kwa raia, na waranti nyingi za tiketi hazimo humo hata kidogo, zimo kwenye mfumo wa jiji au wa kaunti. Rekodi ya kweli ni ya mahakama iliyotoa waranti, na hiyo ni rekodi ya umma.

Kwa hiyo swali ni mahakama gani. Tazama tiketi kama bado unayo. Usipokuwa nayo, kumbuka sare na gari la yule aliyekusimamisha. Akiwa polisi wa jiji la Houston, shauri liko mahakama ya jiji, na tovuti yao inakuruhusu kutafuta. Akiwa wa sherifu, au konstebo, au askari wa jimbo wa DPS, shauri liko katika moja ya mahakama za haki za kaunti, zile watu wanaziita JP. Kaunti ya Harris ina mahakama 16 za namna hiyo, mbili kwa kila moja ya maeneo manane, na tiketi huenda kwenye eneo ulikosimamishwa, si unakoishi. Akiwa polisi wa mji mdogo kama Pasadena au Bellaire, mji huo una mahakama yake. Watu wengi hutazama tovuti ya jiji la Houston peke yake, wanaona jina halimo, wanashangilia, kumbe shauri limekaa kwa JP.

Nikae kidogo kwenye majina, maana hapa ndipo watu wetu wanapotea. Mkongomani anakuja na majina matatu. Afisa wa kwanza aliandika la katikati kama la ukoo, wa pili akalifanya la kwanza, polisi barabarani akaandika alivyosikia, L ikawa R, na "Mw" ikawa "M" tu. Wengine nyaraka zao zilikuja na jina moja, na mahali pa jina la kwanza zikaandikwa herufi FNU, yaani jina la kwanza halijulikani, basi mfumo wa mahakama unamjua mtu kwa jina la FNU. Tafuta kwa kila mpangilio wa majina yako. Lililo bora zaidi ni kutafuta kwa namba ya leseni au namba ya tiketi, hizo hazikosewi kirahisi.

Na kuna upande wa pili wa jambo hilohilo. Wakimbizi wengi wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari kwa sababu kambini hakukuwa na cheti. Jina la kawaida likikutana na 1 Januari na mwaka mmoja, unaweza kumkuta mtu mwingine kabisa kwenye rekodi, mwenye waranti yake, ukadhani ni yako. Usilipe wala usikiri mpaka umelinganisha namba ya leseni, anwani ya zamani, namba ya gari na tarehe ya tiketi. Kama si wewe, mwombe karani njia ya kuthibitisha hivyo kwa maandishi, kisha uhifadhi karatasi hiyo. Utaihitaji siku polisi wengine watakapochanganya majina.

Ukilipata shauri lako, usishangae kuona mashauri matatu badala ya mawili. Kukosa kufika ni kosa linaloweza kufunguliwa peke yake, juu ya tiketi za mwanzo. Kila shauri linaweza kuwa na waranti yake. Andika namba zote za mashauri kwenye karatasi. Nimeona watu wakilipa tiketi ya mwendo kasi, wanarudi nyumbani wakijua wamemaliza, na lile la kutofika bado liko hai.

Kuhusu kupiga simu: piga mahakamani, kwa karani. Makarani hujibu maswali haya kutwa, na kumwuliza hakukuletei polisi mlangoni. Pasipo Kiingereza cha kutosha, sema neno moja tu, "Swahili", kisha usubiri kwenye laini. Mahakama nyingi kubwa hutumia wakalimani wa simu. Mwambie karani namba za mashauri na umuulize mambo manne: je, kuna waranti, je, ni ya kutofika au ni ya kutolipa baada ya hukumu, ni siku na saa gani hakimu anaona watu waliojileta wenyewe, na je, kosa ni la daraja C. Waranti ya kutolipa baada ya hukumu utaikuta kwenye karatasi kwa jina la Kilatini, capias pro fine. Yako haipaswi kuwa hiyo, kwa kuwa hujawahi kuhukumiwa, ila ukiambiwa ndiyo, basi kuna mtu alilikiri shauri kwa jina lako au kuna hukumu usiyoijua, na hilo lazima hakimu alisikie.

Usiende kuuliza kituo cha polisi. Karani hana kazi ya kukukamata, lakini askari mbele ya kompyuta akiona waranti ana wajibu wa kuitekeleza.

Daraja C ndilo jambo kubwa katika maswali yale manne. Hayo ni makosa ambayo adhabu yake ni faini tu, bila kifungo. Karani akikusomea daraja A au B, au kosa kubwa zaidi, kwa mfano kuendesha ukiwa umelewa au wizi, acha yote niliyokuambia kuhusu kujipeleka. Usiende peke yako. Tafuta wakili wa jinai kwanza, na kama huna fedha omba wakili wa kuteuliwa, maana kwa makosa yenye kifungo una haki hiyo. Wakili anaweza kuiomba mahakama ifute waranti au akapanga dhamana kabla hujaingia mlangoni. Na kwa kuwa wewe si raia, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, mwaka 2010, wakili wako wa jinai analazimika kukushauri kukiri kosa kutakugharimu nini katika uhamiaji.

Turudi kwenye tiketi zako. Kabla ya kwenda, zuia mkono wako usibonyeze kitufe cha kulipa mtandaoni. Najua kinavutia: unalipa, waranti inaondoka, umelala. Lakini kulipa ni kuhukumiwa. Ukilipa tiketi ya bima, umehukumiwa kuendesha bila bima, na ukiangukia kosa hilo mara ya pili leseni yenyewe inaweza kusimamishwa. Jiulize kwanza: siku ile ulikuwa na bima kweli, ila hukuwa na karatasi garini? Piga simu kampuni ya bima, omba barua inayoonyesha kwamba gari lile lilikuwa na bima tarehe ile. Ukiwa nayo na mahakama ikaithibitisha, shauri hilo linafutwa. Bima uliyonunua kesho yake haisaidii kufuta, ingawa inasaidia kumwonyesha hakimu kwamba umejirekebisha. Kwa mwendo kasi, muulize mwendesha mashtaka kama kuna nafasi ya kuahirishiwa hukumu: unapewa muda, hadi siku 180, usipoongeza kosa na ukitimiza masharti shauri linafutwa.

Siku ya kwenda, usiendeshe mwenyewe ikiwa leseni imekwisha muda. Panda basi au upelekwe. Nenda asubuhi, siku ya katikati ya wiki, na mtoto mdogo umwache kwa mtu unayemwamini ambaye anaweza kukaa naye hadi jioni. Sheria iko upande wako, lakini foleni ni ndefu. Beba kitambulisho, ile karatasi ya namba za mashauri, barua ya bima, na nyaraka za hali yako ya fedha: hati za mshahara, mkataba wa nyumba, barua ya SNAP ya chakula, barua ya Medicaid, bima ya afya ya serikali, ya watoto. Dirishani sema umekuja mwenyewe kumaliza waranti na unaomba kuonana na hakimu. Usikubali kusukumwa kwenye dirisha la malipo ikiwa huna fedha zote. Na omba mkalimani. Katika kesi ya jinai ni jukumu la mahakama kumtafuta, wala hulipi. Usimtumie mtoto wako kutafsiri.

Sasa fedha, kwa sababu najua hapo ndipo hofu yenyewe ilipo. Faini ya kukosa bima kwa mara ya kwanza Texas ni kati ya dola 175 na 350, kisha kuna gharama za mahakama. Waranti yenyewe inaongeza dola 50. Shauri likipelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni, inaongezeka asilimia 30. OmniBase ni dola 10. Zidisha kwa mashauri matatu, unaona kwa nini mama wa watoto watatu anayelipwa kwa saa huiweka barua kwenye droo.

Lakini kutokuwa na fedha si kosa, na kesi iliyoamua hivyo ilitoka Houston hiyohiyo unayoishi. Preston Tate alikuwa na faini za barabarani zilizofikia dola 425. Hakuwa na kitu. Akapelekwa kwenye shamba la gereza la manispaa akakae siku 85, kila siku ikihesabiwa dola 5. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hapana: kwa kosa la faini tu, huwezi kumfunga mtu kwa sababu tu ni maskini, ilhali mwenye fedha angelipa akaenda zake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bearden kutoka Georgia, mahakama hiyohiyo ilisema hakimu lazima achunguze kwa nini mtu hajalipa kabla ya kumpeleka ndani. Sheria ya Texas ya 2017 niliyoitaja imeyafuata hayo. Hakimu anayekuhukumu ukiwa mbele yake anapaswa kuuliza kama unao uwezo wa kulipa. Jibu kwa nyaraka, si kwa machozi. Anaweza kukuruhusu kulipa kwa awamu, kukupunguzia au kukusamehe, au kukupa kazi ya jamii, ambapo kila saa nane zinafuta angalau dola 100, na kwa kawaida hawezi kukupangia zaidi ya saa 16 kwa wiki. Masomo ya kupata cheti cha sekondari au mafunzo ya kazi yanaweza kuhesabiwa kuwa kazi ya jamii. Uliza. Ila ukikubali awamu, chagua kiasi unachoweza kukilipa hata mwezi mbaya, maana ukishindwa kimya kimya ndipo ile ya Kilatini inapozaliwa. Ukiona utashindwa, rudi kwa hakimu kabla ya tarehe.

Usitoke mahakamani bila karatasi iliyogongwa mhuri inayosema waranti imefutwa, kwa kila shauri. Kompyuta za polisi hazibadiliki saa hiyohiyo. Weka nakala garini na picha kwenye simu. Baada ya wiki moja au mbili tazama tena OmniBase. Kizuizi kikiwa bado kipo, piga simu kwa karani, maana mahakama ndiyo inayotuma taarifa ya kukiondoa.

Na ukisimamishwa kabla hujafika mahakamani? Mikono kwenye usukani, toa vitambulisho, usibishane, usieleze habari za tiketi. Ukikamatwa, lazima ufikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Alama za vidole zinazochukuliwa jela hupelekwa FBI, na FBI hushirikiana na Idara ya Usalama wa Ndani, yenye mambo ya uhamiaji. Hiyo ni sababu kubwa ya kumaliza wiki hii. Kila mwaka, karibu na Februari na Machi, miji na kaunti nyingi za Texas huungana kufanya msako wa waranti za tiketi, na maofisa huweza kufika nyumbani au kazini.

Kama mtu akikupigia akasema ni sherifu, una waranti, lipa sasa hivi kwa kadi za zawadi au Zelle, ile njia ya kutuma fedha kwa simu, kata simu. Mahakama haikusanyi faini hivyo. Wezi hawa wanajua hofu ya wahamiaji.

Kuhusu uraia: usitume maombi huku waranti iko wazi. Maliza kwanza. Kisha omba kwa karani nakala zilizothibitishwa za matokeo ya kila shauri, uziweke na hati zako za ukimbizi. Fomu N-400, ile ya kuomba uraia, inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa na afisa wa sheria. Jibu ni ndiyo, na unaeleza. Tiketi ya barabarani isiyo na pombe wala kukamatwa kwa kawaida haimnyimi mtu uraia, lakini kuficha kunaweza kumharibia kabisa. Ukikubali kuahirishiwa hukumu, mwambie wakili wako wa uhamiaji, kwani sheria ya uhamiaji ina namna yake ya kuhesabu hukumu.

Kuna la anwani pia. Watu wetu wanajua kuwaarifu watu wa uhamiaji kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10 wakihama, na wanafanya vizuri. DPS nao wanataka kujua ndani ya siku 30. Lakini ofisi hizo haziambiani, na hakuna kati yao inayoiambia mahakama. Ukiwa dirishani siku hiyo, kabla hujaondoka, mpe karani anwani yako ya sasa na namba ya simu kwa kila shauri, umwone akiandika.